Maji Hufuata Chumvi

Leo naanza na jambo linalofanywa kwa nia njema katika mazizi mengi, nalo huua. Ndama ameanza kuhara. Kinyesi ni maji matupu ya manjano, mkia umelowa, nzi wamejaa. Mwenye ng'ombe anayatazama maji yanavyotoka, anawaza: nikimwongezea mengine si ndiyo nitazidisha? Basi anamnyima maji, na maziwa anayapunguza, ati tumbo lipumzike. Kesho yake ndama amelala ubavu. Kesho kutwa anachimbiwa shimo, na lawama anatupiwa kijidudu fulani, au jirani mwenye jicho baya.

Vijidudu vipo, sikatai. Viko vya bakteria, viko virusi, na vimelea vingine visivyoonekana kwa macho. Lakini kinachomtoa roho ndama, mara nyingi, ni maji na chumvi zilizomwishia mwilini. Maji kila mtu anayajua. Chumvi ndiyo tunayoisahau, na ndiyo nataka tukae nayo leo, kwa sababu mwilini mwa mnyama hivi viwili haviachani. Ukirudisha kimoja bila kingine umefanya nusu ya kazi, na pengine umeleta madhara.

Katika mwili wa mnyama mzima, zaidi ya nusu ya uzito ni maji. Tuseme asilimia 60 hivi. Ndama mchanga ana maji mengi zaidi, asilimia 70 na ushei. Theluthi mbili za maji hayo zimo ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa kwavyo. Theluthi iliyobaki iko nje ya seli: kwenye damu, na kwenye unyevunyevu ulio katikati ya nyama. Kila upande una chumvi yake. Ndani ya seli inatawala potasiamu. Nje inatawala sodiamu, ambayo ni nusu ya chumvi ile tunayotia mchuzini. Nusu nyingine ni kloridi. Lita moja ya maji ya damu ina sodiamu kiasi cha milimoli 140, na potasiamu 4 au 5 tu. Ukivuka ukaingia ndani ya seli, hesabu inapinduka.

Tofauti hiyo haijikalii tu. Katika utando wa kila seli kuna pampu ndogo mno zinazotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, mnyama awe anakula au amelala. Sehemu kubwa ya nguvu anayoipata katika majani inaishia hapo. Aliyezigundua ni Mdenmark, Jens Christian Skou, mwaka 1957, na hakuwa akichunguza ng'ombe wala binadamu. Alikuwa akisaga mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani. Tuzo ya Nobel akapewa mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Wanaolalamika kwamba serikali inapoteza fedha kwa watafiti wa kaa na konokono, jibu lao ni hilo.

Sasa sikiliza hapa, maana mengine yote yanategemea hili. Mwili una pampu ya chumvi, lakini kwenye utumbo na kwenye seli hauna pampu ya maji. Ukitaka kuyahamisha maji kutoka upande mmoja wa utando kwenda mwingine, unahamisha chumvi, na maji yanaifuata kama ndama nyuma ya mama yake. Utumbo unanyonya maji kwa kunyonya chumvi. Figo zinarudisha maji kwenye damu kwa kurudisha chumvi. Na kuhara ni mambo hayohayo yakienda kinyume: sumu ya bakteria fulani inaziamuru seli za utumbo zimwage kloridi, sodiamu inaifuata kloridi, maji yanazifuata zote mbili, na vyote vinaishia kwenye nyasi za zizi.

Twende tukamwone huyo ndama. Usianze na mkia, anza na jicho. Ndama mzima, jicho limejaa na limegusana na kope. Aliyekaukiwa, jicho limerudi ndani na kuna mwanya unaouona. Kisha finya ngozi ya shingo, inyanyue, iachie. Ya ndama mzima inarudi papo hapo. Ya aliyekaukiwa inabaki imesimama, unahesabu sekunde mbili, tatu, nne. Mtie kidole kinywani. Mzima atakinyonya kwa nguvu na utasikia joto. Aliyezidiwa hanyonyi, na kinywa ni baridi. Shika masikio na miguu: ni baridi pia, kwa sababu mwili umeiondoa damu pembeni ili moyo na ubongo visikose. Akiwa amepoteza maji ya asilimia 5 ya uzito wake, hata mtu mzoefu anaweza asimtambue. Kwenye asilimia 8, jicho limezama waziwazi. Zaidi ya 10, kusimama ni kazi. Akikaribia 14 au 15 yuko ukingoni. Ndama wa kilo 40 aliyefika asilimia 8 amepungukiwa lita tatu na ushei, na hizo ni deni la nyuma tu. Bado anaendelea kuhara, kwa hiyo deni linaongezeka.

Na ndani yake kuna ajabu nyingine. Katika kuhara ndama hupoteza potasiamu nyingi sana. Ungetarajia damu yake ikipimwa ionekane na upungufu. Wapi! Aghalabu inaonekana imezidi. Kuhara kumemmwagia chumvi zile zinazopunguza ukali wa asidi, kwa hiyo damu imekuwa na asidi nyingi. Asidi inajipenyeza ndani ya seli, na potasiamu inafukuzwa nje, kwenye damu. Figo nazo, kwa kukosa damu ya kutosha, haziwezi kuitoa. Mwili mzima una upungufu wa potasiamu, na wakati huohuo damu imefurika potasiamu, na moyo hauwezi kustahimili potasiamu iliyozidi. Unapiga polepole, unarukaruka, kisha unasimama. Ndiyo maana wapo ndama wanaokufa ghafla wakati mwenyewe anadhani wamepata nafuu kwa kuwa kuhara kumepungua.

Dawa ya haya inajulikana, na haina gharama kubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1960, mjini Prague, Mmarekani Robert Crane aliwaeleza wenzake kwamba sukari aina ya glukosi haiingii peke yake katika seli za utumbo: huingia ikiwa imeshikana na sodiamu, kupitia mlango mmoja. Na mlango huo, ikaja kugundulika, hufanya kazi hata wakati wa kuhara kukali. Yaani bakteria wamefungulia bomba la kumwaga, lakini mlango wa kuingizia hawakuufunga. Ukimpa mgonjwa chumvi na glukosi kwa pamoja, zinaingia, na maji yanaingia nyuma yake.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni walikimbilia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi. Pale Bongaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu. Akachanganya chumvi na glukosi katika mapipa, ndugu za wagonjwa wakawa wanawanywesha vikombe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30, vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ile ya unga unayopewa zahanati mtoto akihara, asili yake ni hiyo.

Kwa ndama kanuni ni ileile, ila kuna mtego, na wengi wetu tumeuingia kwa kuwaiga wanadamu. Nyumbani tumefundishwa: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya sukari. Kwa mtoto, sawa. Kwa ndama, sukari ya mezani haifai. Sukari hiyo ni glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja, na utumbo wa ndama hauna kimeng'enya cha kuzitenganisha. Inapita bila kunyonywa, inavuta maji iendako, na kuhara kunazidi. Anachohitaji ni glukosi yenyewe. Nenda duka la dawa za mifugo ununue pakiti ya ndama, ambayo ina sodiamu zaidi ya ile ya binadamu, tena ina kitu cha kupunguza asidi. Usiku ukikukuta huna, pakiti ya zahanati si kamili kwa ndama lakini ina glukosi ya kweli, nayo itamsogeza hadi asubuhi. Mpe lita mbili, mara mbili au tatu kwa siku, juu ya maziwa yake. Nimesema juu ya maziwa, sikusema badala yake. Maji ya chumvi hayana chakula, na ndama anayenyimwa maziwa siku tatu atakufa kwa njaa huku akiwa na maji ya kutosha. Ila pakiti yenye baikaboneti usiichanganye na maziwa. Acha saa chache zipite katikati, kwa sababu inayazuia maziwa kuganda tumboni kama inavyopasa.

Na ndama asiyenyonya kidole usimmiminie kwa chupa. Yatakwenda mapafuni. Huyo ni wa dripu, mpigie simu daktari wa mifugo.

Mtu ataniuliza: mbona tusimpe maji tu, maji matupu, mengi? Kwa sababu maji matupu yanaipunguza chumvi iliyobaki. Liko tukio ambalo madaktari wa mifugo wanalijua vizuri. Ndama wamekaa na kiu siku nzima, labda wamesafirishwa, kisha wanafunguliwa birika. Wanakunywa mpaka matumbo yanakuwa ngoma. Saa chache baadaye wanakojoa mkojo mwekundu. Maji yameingia katika damu kwa kasi, damu imekuwa nyepesi kuliko ndani ya chembe nyekundu, maji yakaingia katika chembe zile, zikavimba, zikapasuka. Ng'ombe mkubwa ana kinga, tumbo lake kubwa la kwanza: maji yanakaa humo kwanza, yanapita kidogokidogo.

Halafu kuna ngamia, anayefanya makusudi jambo ambalo lingemuua ndama. Ngamia aliyekaa na kiu anaweza kunywa lita 100 katika dakika kumi. Aliyempima sawasawa ni Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norwe, aliyekwenda na familia yake hadi Béni Abbès, jangwani Aljeria, mwaka 1953. Baadaye alijengewa sanamu pale chuo kikuu cha Duke, Marekani, na amesimama uso kwa uso na ngamia. Alichokikuta kiliifuta ile hadithi ya kwamba nundu ni tangi la maji. Nundu ni mafuta. Siri iko kwingine. Chembe nyekundu za ngamia zina umbo la yai, si duara, na zinaweza kuvimba zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake bila kupasuka. Figo zinakamua mkojo mzito, mavi yanatoka makavu kiasi cha kuwashiwa moto. Na asubuhi ngamia mwenye kiu anaanza siku akiwa na joto la nyuzi 34, analiacha lipande hadi 40 na ushei kabla ya kuanza kutoa jasho. Jasho ambalo hakulitoa ni lita kadhaa za maji zilizookolewa kila siku.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni hiki. Ngamia anaweza kupoteza maji ya robo ya uzito wake akaendelea kutembea. Binadamu angekufa kabla hajafika nusu ya hapo, kwa sababu damu inakuwa nzito na moyo unashindwa kuisukuma. Kwa ngamia, maji yanayopotea yanatoka kwenye seli, kwenye nyama, kwenye matumbo. Damu inapungua kidogo tu. Kukauka kwake kunakwenda kwa mpango.

Hapa Kenya tumekuwa na uchunguzi wetu pia. Pale Muguga, miaka ya 1960, mtafiti C. Richard Taylor alimwekea choroa joto kali akaona joto la mwili likifika nyuzi 45, na mnyama hajafa, maana damu iendayo kwenye ubongo inapozwa na damu itokayo puani. Akachunguza pia kichaka ambacho choroa hula. Mchana majani yake yana maji asilimia 1, yanavunjika mkononi. Usiku, kwa unyevu wa hewa tu, yanafika asilimia 40. Kwa hiyo choroa analisha usiku. Profesa Geoffrey Maloiy, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea na wanyama wetu wengine, punda na mbuzi na digidigi, yule paa mdogo ambaye anaweza kuishi bila kwenda mtoni.

Turudi kwenye chumvi, maana wafugaji wa ngamia hawakuhitaji profesa kuwaeleza habari yake. Ngamia anahitaji chumvi mara kadhaa zaidi ya ng'ombe, na Wagabra na Warendile huipangia safari. Wanawapeleka kwenye mimea ya chumvi na kwenye visima vya maji machungu ukingoni mwa jangwa la Chalbi, huko Kalacha na North Horr. Mgeni anaweza kudhani wamekosa maji mazuri. Hawajakosa, ngamia amepelekwa kupata chumvi.

Mla majani yeyote ana shida hiyo kwa kiasi chake. Majani ya bara yana potasiamu tele na sodiamu kiduchu. Simba hana shida, anaila katika nyama ya swala. Swala aitafute wapi? Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, ndovu huingia usiku zaidi ya mita mia moja ndani, gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, na wanachokifuata ni ukuta wenye chumvi ya sodiamu. Wanaubomoa kwa pembe, wanatafuna mawe. Alama za pembe zimejaa kutani. Mtafiti wa Australia, Derek Denton, aliwafanyia kondoo upasuaji mate yao yawe yanatoka nje badala ya kumezwa, na mate ya mcheuaji yana sodiamu nyingi mno. Alipowawekea maji ya chumvi, kondoo walikunywa kiasi kinachokaribiana na kile walichopoteza, kisha wakaacha. Hakuna aliyewapimia. Kiu ya maji na njaa ya chumvi ni hamu mbili tofauti, na kila moja ina kipimo chake ndani ya ubongo.

Ng'ombe wa maziwa hutoa mate zaidi ya lita mia kwa siku. Akikosa sodiamu hupunguza ile ya kwenye mate na kuweka potasiamu mahali pake, na anaweza kujikimu hivyo muda mrefu bila wewe kujua. Utaanza kumwona akilamba ukuta, akilamba jasho la mkono wako, akinywa mkojo wa wenzake, na maziwa yanashuka. Wengi wetu tunampa magadi. Sina ugomvi na magadi, ng'ombe anayapenda na sodiamu imo. Ila kloridi haipo ya kutosha, na magadi mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi inayoharibu meno na mifupa. Jiwe la chumvi la kulamba ni salama zaidi, na liwe karibu na maji. Si mbali. Karibu.

Kwa nini karibu? Nenda kwenye banda la nguruwe. Nguruwe hana tumbo la akiba la ng'ombe wala figo za ngamia. Akila chakula chake cha kawaida, chenye chumvi ya kawaida kabisa, kisha akakosa maji siku moja au mbili, sodiamu katika damu inapanda, inaingia mpaka kwenye ubongo, na seli za ubongo zinajirekebisha kwa kujaza viambata vyake vya kuzuia maji yasitoke. Hapo bado anaweza kuonekana mzima, ila ana kiu. Halafu maji yanarudi. Mwenyewe kwa huruma anamjazia karai. Maji yanakimbilia ndani ya ubongo ule uliojaa chumvi, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Nguruwe anakuwa kama kipofu, anagonga ukuta, anakaa kitako kama mbwa, pua inapanda juu, anarudi nyuma hatua kwa hatua, anaanguka na kutupatupa miguu. Majirani watasema amelishwa sumu, na walioshtakiwa kwa hilo bure ni wengi.

Ukijua kwamba maji yalikatika, mita imefungwa au bomba limepasuka, usifungulie. Nguruwe wa kilo 50 mpe robo lita, subiri saa nzima, mpe robo nyingine, na uendelee hivyo hata ikichukua siku mbili tatu. Na daktari awe ameshaitwa. Nawe usiondoe chumvi yote katika chakula kwa hasira. Kagua kwanza zile chuchu za kunywea, moja baada ya nyingine, bonyeza kwa kidole uone kama maji yanatoka, maana mara nyingi utaikuta moja imeziba kwa pumba, na ndiyo ya chumba kile alimokufa nguruwe.